Ubongo, Lugha na Darasa: Mafunzo kutoka Milima ya Usambara



1. Utangulizi

Mkulima wa Lushoto hapandi mbegu kabla ya kulijua shamba lake: mteremko wake, unyevu wake na udongo wake. Mwalimu, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuubadili ubongo wa mtoto, mara nyingi huingia darasani akiwa amejifunza mengi kuhusu mbegu na machache kuhusu udongo. Huijua mada, huujua mtaala, huijua ratiba. Lakini namna ubongo unavyopokea, unavyohifadhi na unavyopoteza maarifa huachwa kwa madaktari.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha mambo machache yaliyothibitika kuhusu ubongo unaojifunza, na kuyapima katika mazingira mahususi: shule za Milima ya Usambara, hasa Wilaya ya Lushoto, ambako mtoto huanza shule akiwa na lugha moja au mbili za nyumbani, husomeshwa kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari hutakiwa kujifunza kwa Kiingereza. Hoja kuu ni hii: ubongo hujenga kipya juu ya kile kilichomo tayari. Shule inayokata uhusiano kati ya lugha aijuayo mtoto na lugha anayofundishwa huikata njia ambayo ubongo huitumia kujifunza. Hoja hiyo imezoeleka inapoelekezwa kwa Kiingereza. Hapa itaelekezwa pia kwa Kiswahili chenyewe.

2. Ubongo haukuumbiwa kusoma

Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza uhusiano kati ya kuumia kwa sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto na kupotea kwa uwezo wa kusema. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke aliongeza sehemu nyingine, nyuma ya ile ya kwanza, inayohusika na kuelewa maneno. Tangu hapo wanaisimu wamezoea kusema kwamba lugha ina makao yake katika ubongo. Ni kweli kwa kiasi fulani, ingawa leo inafahamika kwamba lugha hutegemea mtandao mpana zaidi kuliko sehemu hizo mbili.

Kusoma, hata hivyo, ni jambo la namna nyingine. Binadamu amesema kwa makumi ya maelfu ya miaka, lakini maandishi yana umri wa miaka kama 5,000 tu. Ubongo haukupata muda wa kujitengenezea kiungo cha kusomea. Mtafiti Mfaransa Stanislas Dehaene, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu kusoma, ameeleza kwamba mtoto anapojifunza kusoma, sehemu ya ubongo ya upande wa kushoto iliyokuwa ikitambua sura za vitu na nyuso hupewa kazi mpya ya kutambua herufi, na huunganishwa na sehemu zinazoshughulikia sauti za lugha.

Maelezo haya yana faida ya moja kwa moja kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Jembe lililoelekea kushoto na jembe lililoelekea kulia ni jembe lile lile. Ubongo wa mtoto umejifunza hivyo tangu uchanga. Herufi b na d haziko hivyo. Mtoto anayezichanganya katika miezi ya mwanzo haonyeshi upumbavu. Anatumia kanuni iliyomfaa maisha yake yote na ambayo sasa, kwa herufi peke yake, anatakiwa kuiacha. Anahitaji mazoezi ya kuandika kwa mkono huku akitamka, wala hahitaji fimbo.

Jambo la pili ni kwamba umri haufungi mlango. Mwaka 2010 Dehaene na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima wa Brazil na Ureno. Waliojifunza kusoma ukubwani walionekana kuwa na mabadiliko ya ubongo ya aina ile ile iliyoonekana kwa waliojifunza utotoni, ingawa kwa kiwango pungufu. Tanzania, iliyoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima na kuwakalisha wazee darasani jioni, ilikuwa imefanya kwa imani jambo ambalo sayansi ililionyesha kwa picha miaka 40 baadaye.

Ushahidi wa tatu unagusa Lushoto moja kwa moja. Irente, karibu na mji wa Lushoto, ipo shule ya watoto wasioona inayosimamiwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Mtoto wa hapo husoma kwa ncha za vidole, kwa nukta nundu. Mwaka 1996 Norihiro Sadato na wenzake walionyesha kwamba kwa watu waliopoteza uwezo wa kuona mapema maishani, kusoma nukta nundu huamsha sehemu ya ubongo ambayo kwa wengine hufanya kazi ya kuona. Sehemu iliyokosa mwanga haikulala. Ilipewa kazi nyingine. Anayesema kwamba mtoto fulani “hafundishiki” anapaswa kwanza kujibu swali hili: amefundishwa kwa njia gani?

3. Mlango mwembamba wa kumbukumbu

Maarifa yote ya darasani hupita kwanza katika mlango mwembamba. Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch waliuchambua mwaka 1974 na kuuita kumbukumbu ya kazi, yaani uwezo wa kushikilia mambo machache akilini kwa muda mfupi huku yakifanyiwa kazi. Uwezo huu ni mdogo. Kwa upande wa sauti, hubeba takriban kile ambacho mtu anaweza kukitamka kwa sekunde mbili. Kinachozidi hapo hufutika kisipokaririwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili na atafakari neno hawatamsomea. Lina silabi saba, na mofimu saba pia: ha-wa-ta-m-som-e-a. Msomaji mzoefu huliona kwa mara moja. Mtoto anayesoma herufi moja moja hufika kwenye -mea akiwa amekwisha kupoteza ha-, na pamoja na ha- amepoteza ukanushi wote. Akiulizwa maana, hujibu kinyume. Mwalimu huandika kwamba mtoto hana ufahamu. Kilichokosekana ni kasi.

Tahajia ya Kiswahili ni rahisi kwa kuwa hufuata matamshi. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake wa mwaka 2003, uliolinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja wa shule watoto wanaosoma kwa tahajia za kawaida, kama Kifini na Kiitaliano, walisoma kwa usahihi karibu maneno yote waliyopewa, ilhali watoto waliosoma kwa Kiingereza walisoma takriban theluthi tu. Kiswahili kimo katika kundi la kwanza, na hiyo ni hazina. Hata hivyo, wepesi huo usichukuliwe kuwa jambo la kujiendea. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 uchambuzi wa makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania, wakabainisha kwamba hata tahajia ya namna hii hudai juhudi na mafunzo.

Mbinu ya silabi, ile ya ba, be, bi, bo, bu, ni mwanzo mzuri, na msisitizo wa kusoma, kuandika na kuhesabu ulioletwa na mtaala wa mwaka 2015 wa madarasa ya awali ya shule ya msingi ulikuwa hatua ya maana. Lakini silabi peke yake haimfikishi mtoto kwenye hawatamsomea. Inambidi avuke hadi kwenye mofimu: atambue ha-, -wa- na -ta- kama vipande vyenye maana, avichukue kwa pamoja, na kwa njia hiyo aupunguzie mzigo mlango ule mwembamba. Hapa mwanaisimu ana deni kwa mwalimu. Uchambuzi wa mofolojia uliojaa katika tasnifu za vyuo vikuu haujafika bado kwenye kitabu cha darasa la pili.

4. Lugha zilizomo kichwani

Lugha kuu ya Usambara ni Kisambaa, ndugu wa karibu wa Kibondei, Kizigua na Kinguu. Mwanaisimu Ruth Besha alichapisha mwaka 1989 uchambuzi wa njeo na hali katika lugha hiyo, na mwaka 1993 msamiati wake uliopangwa kwa makundi ya maana. Mtoto wa Bumbuli au Mlalo anayeanza darasa la kwanza akiwa na Kisambaa tayari anajua mengi ambayo Kiswahili kitamdai. Ana ngeli za majina. Ana upatanisho wa kisarufi. Ana vitenzi vinavyopanga viambishi vya nafsi, njeo na yambwa mbele ya mzizi. Anaposikia maji anakumbuka mazi. Anaposikia mtu anakumbuka muntu. Mtoto huyo haanzi na ubao mtupu. Anaanza na ramani inayolingana kwa sehemu kubwa na nchi anayoingia.

Mfano unaoshangaza zaidi ni wa Wambugu, wanaoishi katika milima hiyo hiyo. Wanaisimu wa dunia nzima wamebishana kuhusu lugha yao kwa zaidi ya nusu karne. Morris Goodman aliieleza mwaka 1971 kuwa jambo la ajabu, na Maarten Mous aliiandikia kitabu kizima mwaka 2003. Wambugu wana misamiati miwili iliyo sambamba. Mmoja unafanana na Kipare. Mwingine, uitwao Kima'a, una maneno mengi yenye asili ya Kikushi na ya Kimaasai. Sarufi ni moja, ya Kibantu. Mzungumzaji anaweza kusema sentensi ile ile kwa msamiati huu au ule, viambishi vikibaki vile vile. Kwa kuwa anaishi kati ya Wasambaa, hujua pia Kisambaa. Kisha hujifunza Kiswahili, na akifika sekondari hukutana na Kiingereza.

Husemwa mara nyingi kwamba lugha nyingi humchosha mtoto. Wambugu ni jibu tosha: jamii nzima, bila walimu wala vitabu, imedumisha misamiati miwili na lugha za majirani katika vichwa vya watu wa kawaida. Mzigo wa mtoto hautoki katika idadi ya lugha. Unatoka katika kutakiwa kujifunza jambo jipya kwa lugha ambayo bado hajaielewa.

Isimunafsi imeonyesha jambo jingine linalopaswa kujulikana na kila mwalimu. Mtu mwenye lugha mbili anaposikiliza au kusoma kwa moja, nyingine haizimiki; huendelea kuamka chinichini. Kwa hiyo amri ya kukataza lugha ya nyumbani darasani haiiondoi kichwani mwa mtoto. Huiondoa tu machoni mwa mwalimu. Mtoto anayeandika muntu ameonyesha waziwazi anakotoka na hatua iliyobaki. Mwalimu anayelikata neno hilo kwa wino mwekundu bila kusema lolote ametupa taarifa yenye thamani kubwa.

5. Madaraja mawili yaliyokatika

Mtoto wa Usambara huvuka mito miwili ya lugha. Mto wa kwanza ni kutoka Kisambaa kwenda Kiswahili. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Kiswahili kilithibitishwa kuwa lugha ya kufundishia elimu ya msingi. Uamuzi huo ulijenga taifa, na mhadhara huu haukusudii kuubomoa. Wala Kiswahili si mgeni milimani: Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, akahifadhi historia ya utawala wa Vuga na simulizi za Mbegha kabla hazijapotea. Lakini haifuati kwamba kila mtoto wa Mtae au Rangwi ameamka na Kiswahili kinywani. Katika wiki za mwanzo, mtoto wa namna hiyo hujifunza kusoma lugha ambayo bado anajifunza kuisikia. Ubongo wake hufanya kazi mbili kwa mlango mmoja.

Mto wa pili ni mpana zaidi: kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kidato cha kwanza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kianze kutumika sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kubeba masomo. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na ambamo Martha Qorro na Birgit Brock-Utne walishiriki, ulionyesha kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa Kiswahili walishiriki na kuelewa zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini sekondari Kiingereza kimeendelea kutumika.

Fikiria somo la mmomonyoko wa udongo. Hakuna mtoto wa Lushoto asiyeujua: ameona mvua ya masika ikibeba rutuba ya mteremko, ameona matuta na majani yaliyopandwa kuizuia. Kichwani mwake ipo picha kamili, na ubongo hushika kirahisi kile kinachopata mahali pa kushikamana. Mwalimu akianza hapo, istilahi mpya ni jina tu la kitu kinachojulikana. Lakini akiandika ubaoni aya ya Kiingereza ili inakiliwe, mlango mwembamba hujaa tahajia kabla ya maana kufika. Mtoto hunakili sawasawa, hukariri kwa ajili ya mtihani, na jioni hupita kando ya korongo lile lile bila kujua kwamba ndilo aliloandika.

Wapenzi wa Kiswahili wamelisema hili kuhusu mto wa pili kwa miaka mingi, na wamesema kweli. Uaminifu wa kitaaluma unadai wakiri pia mto wa kwanza. Haiwezekani kudai kwamba ubongo wa mtoto unahitaji lugha aijuayo anapofika kidato cha kwanza, kisha ikasahauliwa kwamba ulikuwa ule ule alipokuwa darasa la kwanza. Kiswahili kinachojitetea mbele ya Kiingereza kwa hoja ya uelewa hakiwezi kumnyamazisha Msambaa kwa hoja ya utaratibu.

Pingamizi zipo, na ni nzito. Walimu wengi wametoka mikoa mingine na hawajui Kisambaa. Madarasa ya mjini Lushoto na Soni yana watoto wa lugha mbalimbali. Vitabu ni haba. Kwa sababu hizo haipendekezwi hapa kwamba shule nzima iendeshwe kwa Kisambaa. Kinachopendekezwa ni kidogo zaidi na kinawezekana: lugha ya nyumbani iruhusiwe kuwa chombo cha kuelewea. Mwalimu asiyeijua anaweza kumwomba mtoto mmoja amweleze mwenzake, kisha wote warudi kwenye Kiswahili. Orodha fupi ya maneno na sauti zinazolingana na zinazotofautiana kati ya Kisambaa na Kiswahili ingemfaa mwalimu mgeni kuliko semina ya wiki nzima.

6. Kusahau na kukumbuka

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: kusahau huanza mara moja, kwa kasi kubwa mwanzoni, kisha hupungua. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliongeza jambo ambalo walimu wengi hawalitarajii. Wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano. Lakini baada ya wiki moja, waliosoma mara moja kisha wakajitahidi kukikumbuka bila kukitazama ndio waliokumbuka zaidi. Juhudi ya kutafuta jibu kichwani ndiyo inayoliimarisha.

Hapa pana tofauti inayopotea katika madarasa yetu. Mwalimu anapouliza “Mmeelewa?” na darasa zima likaitika “Ndiyo, mwalimu!”, hakuna aliyetafuta chochote kichwani. Kuitikia kwa pamoja ni sauti, hakuthibitishi uelewa. Utamaduni wa jioni una hekima zaidi. Mtegaji kitendawili husema “Kitendawili!”, huitikiwa “Tega!”, kisha hunyamaza na kusubiri. Kimya kile ndicho kinachofundisha. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 anaweza kukiiga bila gharama: maswali matatu ya jana mwanzoni mwa kipindi, kila mtoto akiandika jibu lake kabla ya yeyote kulisema.

Kumbukumbu haikai hewani. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili wa mtu mzima, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nguvu yake akiwa amepumzika. Mtoto anayepanda mlima asubuhi ya baridi bila kula hufika darasani ubongo wake ukidai kile ambacho mwili hauna. Usingizi nao ni sehemu ya masomo, kwa kuwa usiku ubongo huimarisha yale yaliyopokewa mchana. Kikombe cha uji shuleni ni suala la ufundishaji kama ilivyo chaki.

7. Tahadhari

Jina la ubongo lina mvuto, na wapo wanaolitumia vibaya. Si kweli kwamba binadamu hutumia sehemu ya kumi tu ya ubongo wake. Si kweli kwamba watu hugawanyika katika wa ubongo wa kushoto na wa kulia. Harold Pashler na wenzake walipochunguza mwaka 2008 dai kwamba kila mtoto afundishwe kwa mtindo wake wa kuona au wa kusikia, hawakupata ushahidi wa kutosha wa kulithibitisha. Mwaka 1997 John Bruer alionya kwamba daraja la moja kwa moja kutoka seli za neva hadi darasani ni refu mno. Linapaswa kupitia saikolojia ya ujifunzaji na, kwa muktadha huu, isimu.

Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya tafiti za ubongo imefanywa Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki, kwa lugha ambazo hazina ngeli wala vitenzi vya namna ya hawatamsomea. Hilo ni onyo, na ni wito pia. Kumbukumbu ya kazi ya msomaji wa lugha ya Kibantu, nafasi ya mofimu katika kasi ya kusoma, na misamiati miwili ya Wambugu ni maswali ambayo wasomi wa Kiswahili wako karibu nayo kuliko mtu mwingine yeyote.

8. Hitimisho

Sayansi ya ubongo haichagui sera ya lugha. Kazi hiyo ni ya wananchi na viongozi wao. Inachofanya ni kuonyesha gharama. Inaonyesha kwamba mtoto anayenyamaza darasani anaweza kuwa na akili iliyojaa, iliyokosa mlango tu. Inaonyesha kwamba mazoezi mafupi yaliyotawanywa, maswali yanayodai kukumbuka, neno jipya lililofungwa kwenye kitu kinachojulikana, na lugha inayoeleweka si anasa za shule tajiri.

Kwa wasomi wa Kiswahili, kazi iliyo karibu ni mbili: kuishusha mofolojia kutoka kwenye tasnifu hadi kwenye kitabu cha kusomea, na kuandaa kwa ajili ya walimu ulinganishi mfupi wa Kiswahili na lugha za mahali wanapofundisha, kuanzia na zile ambazo, kama Kisambaa, zimekwisha kuandikiwa vya kutosha. Kwa mwanafunzi anayejiandaa kuwa mwalimu, kazi ni moja. Siku atakapokuta katika daftari la mtoto wa Usambara neno muntu, aulize limetoka wapi kabla ya kulikata.